Ng'ombe Yuko Kwenye Joto: Mhimilishaji Aje Saa Ngapi?

Vijana wenzangu wa Rungwe na Mufindi, ng'ombe wa maziwa hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe halimalizi hata siku moja. Dalili ya uhakika ni kusimama ametulia akipandwa na wenzake. Ute na kelele vinakuamsha tu.

Yai hutoka yapata masaa 12 baada ya joto kuisha. Ukiwahi mno, mbegu zinakufa zikilisubiri. Kwa hiyo ukimwona asubuhi, mhimilishaji aje jioni; ukimwona jioni, aje kesho asubuhi.

Nilipoanza kazi niliwahisha mtamba wa mama mmoja Tukuyu. Hakushika mimba, wiki tatu zikapotea. Andika tarehe ukutani: siku ya 18 hadi 24 mchungulie tena alfajiri, hata Juni baridi ikiuma.