Sauti ya Piano Kutoka Kinanda cha Zamani

Kinanda cha umeme cha miaka ya tisini mara nyingi kina vitufe vizima lakini sauti yake ya piano ni nyembamba. Kilipotengenezwa, kumbukumbu za kielektroniki zilikuwa ghali, hivyo kiwanda kilibana piano nzima katika sampuli chache fupi. Usiharakishe kukiuza. Sauti nzuri inapatikana kwingine, tena bure. Unachokihitaji kwenye kinanda ni vitufe vinavyotambua nguvu ya kidole.

Basi kabla ya kutoa hata shilingi, piga noti moja taratibu, kisha kwa nguvu. Ikitoka vilevile, tafuta palipoandikwa TOUCH, maana huenda pamezimwa. Kama kinanda hakina uwezo huo kabisa, hifadhi fedha zako. Hakuna programu itakayokiongezea.

Sasa tazama nyuma yake. Tundu la duara lenye vitobo vitano, lililoandikwa MIDI OUT, ndilo mlango wako. Mfumo wa MIDI ulianza mwaka 1983, na vinanda vya wakati huo bado vinaelewana na kompyuta za leo. Waya wake haupitishi sauti. Unapitisha taarifa tu: noti ipi imepigwa, kwa nguvu gani kati ya 1 na 127, na imeachiwa lini. Nunua waya wa kuunganisha MIDI na USB, ila ule wa bei ya chini kabisa wakati mwingine hupoteza noti, kwa hiyo ujaribu dukani ukiweza. Baadaye usiposikia kitu kwenye kompyuta, badilisha nafasi za plagi zake mbili, ya IN na ya OUT. Kinanda chenye tundu la USB la mraba hakihitaji haya yote. Waya wa printa unatosha.

Kwenye kompyuta pakua Sforzando, programu ya bure, pamoja na Salamander Grand Piano, sauti utakayoifungua ndani yake. Hii ni piano halisi, Yamaha C5, iliyorekodiwa kwa viwango 16 vya nguvu, na tofauti utaisikia tangu noti ya kwanza. Faili lake ni kubwa, hivyo lipakue penye Wi-Fi.

Kinachokatisha wengi tamaa ni sauti kuchelewa nyuma ya kidole. Kwenye Windows, weka ASIO4ALL, kiendeshi cha sauti cha bure, kisha punguza bafa, yaani akiba ya sauti inayosubiri kutolewa, hadi sampuli 128 au 256. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 128 ni takriban milisekunde 3, wakati ile ya 1,024 hufika 23, na hapo mpigaji anaanza kuyumba. Sauti ikikwaruza, pandisha bafa kidogo.

Shusha sauti ya kinanda chenyewe hadi sifuri, piano mbili zisilie pamoja. Kompyuta iunganishe na spika za nje au mikisa, kwani spika zake ndogo hazibebi besi. Ukisikia mngurumo, chomoa chaja ya kompyuta kwanza usikilize.

Pedali ikifanya kazi kinyume, noti zikavuma usipoikanyaga, zima kinanda, ichomeke, kisha washa tena mguu ukiwa mbali nayo.