Keki za Viazi: Somo la Jikoni kwa Jamaa Nzima



Wakati wa kuvuna viazi, dalali huchagua vile vikubwa. Vidogo, na vile vilivyokatwa na jembe, hubaki pale pale shambani vikaoza. Hicho ni chakula cha watoto wako kinapotea! Leo tujifunze njia moja ya kukiokoa: keki za viazi, zilizokauka vizuri nje na laini ndani.

Hizi si zile chapati za unga na viazi vya kupondwa. Hapa viazi hukwaruzwa vikiwa vibichi. Wajerumani na watu wa Poland wamezipika tangu zamani. Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya mashariki huziita latke, na kila mwaka huzikaanga katika sikukuu ya Hanuka, wakikumbuka mafuta ya taa za hekalu la Yerusalemu. Nyanya humwonyesha mjukuu, na desturi haifi. Kwetu Nyandarua au Meru, ambako viazi ni vingi, nini kinatuzuia?

Mahitaji (watu 5 au 6)
Viazi kilo 1, kitunguu 1 kikubwa, mayai 2, unga wa ngano vijiko 3 vya mezani, chumvi kijiko 1 cha chai, na mafuta ya kukaangia.

Namna ya kupika
1. Menya viazi, vioshe, kisha uvikwaruze kwa kikwaruzo cha karoti. Kwaruza kitunguu pia. Usikawie, maana viazi hugeuka rangi vikikaa.
2. Weka vyote ndani ya kitambaa safi, ukamue kwa nguvu juu ya bakuli. Hapa ndipo wengi hukosea. Maji yakibaki, keki itachemka badala ya kukauka.
3. Acha yale maji yatulie dakika 10. Yamwage polepole. Chini utaona wanga mweupe. Usiutupe! Urudishe kwenye viazi, ndio unaoshikanisha keki.
4. Ongeza mayai, unga na chumvi. Chumvi itiwe mwisho kwa sababu huvuta maji.
5. Pasha mafuta kwenye kikaango. Tia viazi kidogo tu: vikitoa povu mara moja, mafuta yako tayari.
6. Teka vijiko viwili kwa kila keki, uibonyeze iwe nyembamba. Kaanga dakika 3 au 4 kila upande. Usizibananishe.
7. Zitoe zichuje mafuta. Usizifunike, maana mvuke utazilainisha tena.

Tahadhari
Kiazi kilichogeuka kijani kwa kupigwa na jua kina sumu, na machipukizi yake pia. Kupika hakuiondoi. Huleta kutapika, kuhara na kuumwa na kichwa. Kata sehemu hiyo kwa kina. Kama kiazi chote ni kijani au kichungu, kitupe. Weka viazi mahali pa giza penye hewa. Vile vilivyokatwa na jembe, vipike kwanza, siku hiyo hiyo ikiwezekana.

Mafuta yakishika moto, usimwage maji kamwe. Funika kwa kifuniko na uzime jiko.

Kazi ya kila mtu
Baba akamue, maana panahitajika mkono wenye nguvu. Wavulana na wasichana wamenye na kukwaruza. Wadogo waoshe viazi, lakini wakae mbali na mafuta ya moto. Wengine watasema, "Aa, jikoni ni kwa mama." Haya, mama akiugua, nyumba ile italala njaa? Samaki mkunje angali mbichi. Chagueni siku moja, kwa mfano Jumamosi jioni, iwe siku ya keki za viazi.

Maswali ya kujadili kikundini
1. Msimu uliopita, viazi vingapi viliozea shambani kwako?
2. Nyumbani kwako, nani anajua kupika? Nani hajafundishwa, na kwa nini?
3. Ni chakula gani cha nyanya yako ambacho watoto wako hawakijui? Nani atawafundisha?