SOMA SAA ZA MAJI KABLA YA KUVUKA

Leo tutembelee mji wa Saint-Malo. Mji huu uko pwani ya Bretagne, kaskazini-magharibi ya Ufaransa. Ni mji wa kale uliozungushiwa ukuta wa mawe. Mwezi Agosti 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, nyumba nyingi za ndani ya ukuta ziliteketea. Ukuta wenyewe ulisalimika. Baada ya vita mji ulijengwa upya kwa mawe, ukafanana na ule wa zamani.

Mgeni hupanda juu ya ukuta na kutazama bahari. Basi, hapo ataona ajabu. Maji yaliyokuwa karibu na ukuta, baada ya saa 6 hivi yamekwenda mbali, umebaki mchanga na miamba. Siku za bamvua kubwa, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hufika karibu meta 13. Hicho ni kimo cha nyumba ya ghorofa 4!

Mbele ya mji kuna kisiwa kidogo, Grand Bé. Huko limo kaburi la mwandishi Chateaubriand, mzaliwa wa Saint-Malo, aliyefariki mwaka 1848. Maji yakipwa, watu huenda kwa miguu. Yakijaa, njia huzama.

Hatari iko wapi? Njia iko chini, kisiwa kiko juu. Mtu anatazama kaburi, miguu yake mikavu, kumbe nyuma yake njia imekwisha funikwa. Akijaribu kuvuka, mkondo unaweza kumchukua.

Ukifika pwani ya namna hiyo, fanya hivi:

1. Soma ratiba ya maji ya siku hiyohiyo. Ya jana haifai, maana saa hubadilika kila siku.
2. Rudi mapema. Usingoje maji yaguse njia.
3. Ukichelewa, baki kisiwani, mahali pa juu. Ngoja maji yapwe tena. Kukaa saa kadhaa na njaa si kitu, uhai haununuliwi.

Unaona, ndugu? Kusoma si kwa barua tu. Mistari miwili ya ratiba yaweza kuokoa maisha.

MASWALI

1. Ni kitu gani kilisalimika mwaka 1944?
2. Kwa nini mtu aliye kisiwani hatambui kwamba njia imezama?
3. Tuseme ratiba inaonyesha njia itafunikwa saa 9 alasiri. Unataka kuvuka saa 1 kabla. Utaondoka kisiwani saa ngapi?