Kabla Hujampakia Mtoto Garini Kwenda Shule ya Mjini

Kila Januari, alfajiri, gari la Morogoro likijiandaa kuondoka Kisaki, utaona sanduku la bati likipandishwa kwenye keria, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, na pembeni yake mtoto amevaa sweta jipya ambalo joto la huku halina haja nalo. Sanduku ni kubwa kuliko mwenyewe. Anapelekwa inglishi midiamu. Baba ameuza ufuta, mama ameahidi kwenda kumwona Pasaka, na wote wawili wanajua kwamba Pasaka huangukia masika, na masika barabara ya Bigwa hadi Kisaki haimwahidi mtu kitu.

Sina ugomvi na shule binafsi. Ugomvi wangu ni na umri wa mwenye sanduku.

Wa kwangu wa kwanza nilimpeleka mjini akiwa na miaka sita. Aliporudi likizo ya Juni alikuwa akisema "mei ai go auti" kila alipotaka kwenda chooni hapa nyumbani, tukacheka sana. Usiku hatukucheka: alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka mitatu. Shule siitaji jina, kwa sababu nusu ya kosa ni yangu. Niliuliza ada, nikauliza sare, nikauliza hata rangi ya soksi. Sikuuliza analala wapi, na nani anamwamsha.

Basi tuanze hapo. Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2023 ulipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kuanzia tarehe 1 Machi mwaka huo. Shule ikikwambia ina nafasi ya bweni kwa mtoto wako wa darasa la kwanza, iombe ikuonyeshe kibali cha maandishi. Na ikikwambia kwamba bweni hakuna, ila "kuna mama mmoja jirani anakaa na watoto vizuri sana", jua unapelekwa kwenye hosteli bubu ambayo hakuna mkaguzi anayeingia. Hiyo ni mbaya kuliko bweni lenyewe, maana bweni angalau lilikuwa na matroni.

Zinabaki njia mbili: mtoto akae kwa ndugu mjini, au asome huku huku.

Kama ni kwa ndugu, chagua ndugu kwanza ndipo uchague shule. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunaipenda shule iliyoko Kihonda, kisha tunatafuta shangazi wa Kihonda. Shangazi anayefaa ni yule mwenye watoto wa rika hilo, anayekuwepo nyumbani saa kumi jioni, na ambaye mtasemezana wazi kuhusu gunia la mchele utakalokuwa unapeleka. Mtoto asiyelipiwa chakula hugeuka mfanyakazi wa ndani taratibu, bila mtu yeyote kukusudia. Halafu tazama ramani. Gari la Kisaki likipita Mvuha, Matombo na Kiroka linaingia mjini kwa upande wa Bigwa. Shule ya upande huo unaifikia siku ile ile uliyotoka nyumbani, mtoto akiugua. Kihonda iko ng'ambo ya mji, barabara ya Dodoma. Kwenye karatasi ni tofauti ndogo, lakini saa moja usiku, umeshuka garini una matope hadi magotini, si ndogo.

Sasa kukagua shule. Hapa ndipo nitakaa kidogo.

Usiende siku ya mahafali. Siku hiyo watoto wa miaka mitano wamevalishwa majoho na kofia kama wahitimu wa Mzumbe, wanaimba kwa Kiingereza, wazazi wanatunza noti, na kila mtu anarudi ameshiba pilau bila kujua lolote kuhusu shule. Nenda Jumanne, saa nne asubuhi, bila kupiga simu. Msalimie Mwalimu Mkuu kwa heshima zake, kisha sema: "Mwalimu, naomba nikae nyuma ya darasa la awali nusu saa tu, sitasema neno." Wakikukatalia kwa sababu ya maana, omba siku nyingine. Wakikukatalia kabisa, umeshapata jibu.

Ukishaketi, hesabu vichwa. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na mmoja kwa 45 katika madarasa ya msingi. Shule za umma nyingi zinazidiwa na idadi kwa sababu haziwezi kumfukuza mtoto mlangoni. Shule binafsi inaweza. Ikiwa inakutoza ada na bado imerundika watoto 50 mbele ya mwalimu mmoja, unachonunua pale ni sare.

Baada ya vichwa, tazama mikono. Mtoto wa umri huu anafahamu tano ni nini kwa kushika vizibo vitano vya soda, au mbegu tano za ubuyu, akizipanga, akizigawa, akimnyang'anya mwenzake mbili na kuona zimekuwa saba. Kuimba "wani, tuu, thrii" hadi mia ni wimbo, na wimbo ni mzuri, lakini mwambie huyo mwimbaji akuletee mawe manne uone. Darasa zuri la awali lina kona za kujifunzia: hapa vitabu vya picha, pale vitu vya kuhesabia, kule udongo wa mfinyanzi na vyombo vya jikoni vya kuchezea. Vumbi kidogo na kelele kidogo ni dalili njema. Darasa la watoto wa miaka mitano lililo kimya kama kanisa Jumatatu lina fimbo mahali fulani, hata kama huioni.

Kisha omba daftari. Ukikuta madaftari yote yana sentensi ile ile, mwandiko wa kupendeza, vema nyekundu kila ukurasa, usishangilie bado. Mwite mtoto mmoja taratibu, mwambie akusomee alichoandika jana. Akitazama dari badala ya daftari, basi alichora, hakuandika.

Kiingereza utakipimaje kama wewe mwenyewe hukijui? Usisikilize wanavyojibu, sikiliza kama wanauliza. Mtoto wa miaka mitano ambaye lugha inamtosha huuliza hadi akuchoshe: kwa nini hiki, yule anakwenda wapi, nikojoe sasa au baadaye. Ukikaa nusu saa na hakuna hata mmoja aliyeuliza kitu, ujue lugha ya darasani imewafunga midomo. Wanajibu kwa pamoja, kwa sauti kubwa, yale waliyokaririshwa, na ukumbi wa mahafali unapiga makofi.

Uliza anayefundisha awali amesomea wapi. Wa darasa la saba usimuulizie, utatajiwa tu bila kuuliza, kwa kuwa matokeo ya Baraza la Mitihani ndiyo bango la shule. Kuna shule ambazo mwalimu bora hupewa wakubwa, wadogo wakaachiwa binti aliyemaliza kidato cha nne juzi, anasubiri chuo. Hana kosa, binti wa watu. Lakini kumfundisha mtu kusoma kwa mara ya kwanza katika maisha yake ni kazi ya fundi, na fundi huyo husomea.

Vyoo: pita uone mwenyewe. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Zaidi ya hesabu, angalia kama mguu mdogo hauzami, na kama maji yapo karibu.

Karatasi mbili tu. Ya kwanza ni namba ya usajili wa shule. Ya pili ni namba ya mwanafunzi katika mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani. Idai mapema, iandike nyuma ya picha ya mtoto kama huna pengine. Bila namba hiyo kumhamisha ni mlolongo, na kwenye upimaji wa darasa la nne jina lake halitakuwepo. Shule isiyosajiliwa haiwezi kukupa.

Pesa nazo zina kalenda yake. Shule inafungua Januari. Januari Kisaki ni mwezi wa jembe: mpunga ndio kwanza unapandwa, ghala limekaribia kuisha, ufuta utauzwa katikati ya mwaka. Ada inadaiwa wakati mkulima hana kitu, ndiyo maana watoto wengi wa huku hurudishwa nyumbani Machi, si kwa sababu wazazi wao ni wadanganyifu. Zungumza na shule kabla, si baada ya deni: toa fungu dogo Januari, kubwa Julai, na mkubaliane kwa maandishi. Shule inayoelewa wakulima itakubali. Na uijumlishe ada pamoja na vingine vyote, yaani usafiri, sare, rimu za karatasi, michango ya mitihani, nauli yako ya kwenda kumwona. Kisha uzidishe mara sita au saba, kwa sababu elimu ya msingi haiishi darasa la kwanza. Kama jumla hiyo inakutisha, ni afadhali ikutishe leo kuliko akiwa darasa la tatu, ameshazoea, ndipo umtoe.

Hapo baadhi yenu mtaniuliza: kwa hiyo abaki hapa kwenye Kayumba, yaani shule ya serikali? Ndiyo, huenda. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unaanza kufundisha Kiingereza kama somo tangu darasa la kwanza, hata katika shule za Kiswahili. Na kuna jambo moja ambalo wazazi hatulithamini: Kiswahili ni zawadi kwa anayejifunza kusoma. Ukijua ba, be, bi, bo, bu, umepata nusu ya maandishi ya nchi hii, kwa kuwa neno linaandikwa kama linavyosikika. Kiingereza hakina huruma hiyo. Neno lao la kisu linaanza kwa herufi k ambayo hakuna anayeitamka. Mtoto aliyekwisha kuelewa kwamba herufi zinabeba sauti atavuka kwenda Kiingereza akiwa na daraja. Aliyeanzia kwenye Kiingereza kibovu, nyumbani akisikia Kikutu, Kiluguru au lugha ya wafugaji, mara nyingi hana hata ng'ambo moja ya kusimama. Dakika 15 kila jioni za silabi, kwa mkaa sakafuni ukikosa chaki, ni kazi ambayo shule ya ada kubwa haiwezi kukufanyia kutoka mjini.

Bado, najua sababu nyingine ya lile sanduku la bati. Shule iko mbali na kitongoji, mto unajaa, na tembo wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere hawajui kengele ya saa moja na nusu inalia lini. Huwezi kumtuma mtoto wa miaka minne njia hiyo. Jibu la hilo ni darasa dogo lililo karibu, na wazazi kumi na watano wanaweza kulianzisha.

Mkianza na watoto wa miaka miwili hadi minne, huo ni utaratibu wa kituo cha kulelea watoto mchana, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na mtu wenu ni afisa ustawi wa jamii. Mwambieni mnataka kituo cha kijamii. Vituo hivyo vimo katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, kwa hiyo hamuombi hisani. Mkitaka darasa la awali na baadaye shule kamili, mnaingia kwenye Sheria ya Elimu: kibali cha kujenga, kuthibitishwa mmiliki na meneja wa shule, na usajili. Msiyachanganye mawili hayo. Kituo kinachojiita shule na kuanza kufundisha darasa la kwanza hufungwa, na watoto ndio wanaopoteza mwaka.

Anzeni na kivuli, maji, choo kifupi, uji, na mlezi mmoja mtakayemlipa kweli. Mlezi anayelipwa kwa ahadi huondoka msimu wa kupalilia. Mpeni fedha kidogo kila mwezi na mpunga baada ya mavuno, na asiye na fedha alete kuni za uji au afanye zamu ya kuwasindikiza watoto asubuhi, kwa kundi, jua likiwa limetoka. Sare si lazima. Nembo si lazima. Jina la Mtakatifu fulani mbele ya kibao pia si lazima, ingawa najua mtabishana juu ya hilo kuliko juu ya choo.

Ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro siku hizi ziko Mvuha, kwa hiyo shughuli hii haihitaji kufika mjini. Nendeni watatu, mmoja wenu awe mama mwenye mtoto wa umri huo, mkiwa na muhtasari wa mkutano wa kijiji, na mwende kabla mvua za masika hazijaanza.