Paka Asiye Wetu

Baraka iko kando ya ziwa Tanganika, katika nchi ya Fizi. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa ziwani. Ndagala hukusanyika penye mwanga, nazo huvuliwa kwa wavu. Asubuhi akina mama huzinunua na kuzianika juani. Faida yake huleta unga, chumvi na madaftari ya watoto.

Lakini paka naye hupenda ndagala. Harufu humfikia toka mbali. Huingia lupangoni kimya, hula, na kuzikanyaga zilizobaki. Tena hufukua udongo mkavu wa bustani na kuacha mavi humo. Mavi hayo huweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa, hatari hasa kwa mama mwenye mimba.

Tufanyeje? Watu wengine hutega sumu. Hilo ni baya. Sumu haichagui: huua kuku, mbwa, hata mtoto anayeokota chakula chini. Na paka yule pengine ni wa jirani, ugomvi utaanza. Tena akifa, panya watafurahi ghalani.

Njia njema ni hizi:

1. Usianike chini. Nchini Burundi, kwenye ziwa hilo hilo, tangu mwaka 2004 shirika la FAO lilifundisha watu kuanika ndagala juu ya vichanja vya wavu. Lakini paka hujua kuruka. Basi zifunike kwa wavu mkuukuu, na mtu azilinde.

2. Matumbo na magamba ya samaki yafukie shimoni siku ile ile.

3. Ziba matundu ya lupango. Penye kupita kichwa cha paka, mwili nao hupita.

4. Weka matawi ya miiba juu ya udongo wa bustani.

5. Usimtupie chakula paka asiye wako. Akishiba leo, kesho atarudi.

Paka akikuuma, osha kidonda kwa maji na sabuni muda wa robo saa, kisha nenda upesi kwa mganga wa dispanseri. Kichaa cha mbwa humpata paka pia.

Paka si mwovu. Anafuata tumbo lake. Mtu ndiye mwenye akili: aondoe kile kinachomwita.

Maswali

1. Kwa nini sumu ni mbaya?
2. Wavu juu ya kichanja una kazi gani?
3. Lupango lenu lina matundu mangapi? Nenda ukayahesabu.