Dirisha la Pili: Msaada au Kikwazo?

Mtu aliyefika kilele cha Mlima Meru hurudi kwa njia ile ile aliyopandia, akipita tena vituo vya Saddle na Miriakamba. Kivinjari cha intaneti nacho hukumbuka kurasa zilizopitiwa, na kitufe cha kurudi humrejesha mtumiaji hatua kwa hatua alikotoka. Hata hivyo, baadhi ya programu za intaneti hufunguka katika dirisha la pekee. Je, njia ya kurudi huwaje?

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa Tengeru anaomba nafasi ya chuo kwa simu. Anabonyeza kiungo, na fomu inafunguka katika dirisha jipya. Katika kompyuta angeweza kuyaona madirisha yote mawili; katika simu, la pili hulifunika la kwanza lote. Akitaka kusoma tena masharti, anabonyeza kitufe cha kurudi. Pengine hakuna kinachotokea. Pengine dirisha hujifunga, na majibu ambayo hayajahifadhiwa yakapotea. Sababu ni kwamba dirisha jipya halina kumbukumbu ya kurasa zilizotangulia.

Mara nyingine dirisha halifunguki kabisa. Lugha ya JavaScript, iliyoingizwa katika kivinjari cha Netscape Navigator 2.0 mwaka 1996, iliwapa watunzi wa kurasa uwezo wa kufungua madirisha, na upesi wenye matangazo wakautumia kupita kiasi. Mmarekani Ethan Zuckerman, aliyeandika programu ya namna hiyo katika kampuni ya Tripod, aliomba radhi hadharani mwaka 2014. Vivinjari, kama Mozilla mwaka 2002 na Internet Explorer mwaka 2004, vilianza kuyazuia. Kizuizi hakijui tofauti ya tangazo na fomu. Kwa kawaida huruhusu tu dirisha linalofunguka mara mtumiaji anapobonyeza.

Hata hivyo, dirisha la pili lina manufaa pale mtu anapolinganisha mambo mawili. Karani wa utalii mjini Arusha aweza kupanga safari huku akitazama ramani ya mlima kando. Tofauti ni kwamba yeye amelitaka dirisha hilo. Mwongozo wa shirika la W3C wa mwaka 1999 ulikwisha kuagiza kwamba dirisha jipya lisifunguliwe bila mtumiaji kuarifiwa.

Zoezi: Fungua kiungo kimoja katika dirisha lile lile, kisha katika dirisha jipya. Bonyeza kitufe cha kurudi kila mara, na ueleze tofauti uliyoiona.