Darsa: Tuhuma Si Ushahidi



Katika mlango wa hukumu tumesoma habari za iqrari na bayyina. Leo twataka kutazama yanayowafika watu pale mambo mawili haya yanapotupwa, na mfano wetu ni wa Iraq, nchi iliyotoa mafaqihi wakubwa.

Chama cha Baath kilitwaa utawala mwaka 1968. Januari 1969 kiliwanyonga watu hadharani mjini Baghdad kwa tuhuma ya upelelezi, na wanachama wakaridhika. Miaka kumi baadaye zamu ikawafika wao. Tarehe 16 Julai 1979 Ahmed Hassan al-Bakr alijiuzulu urais, akashika Saddam Hussein. Siku sita baadaye wakubwa wa chama walikusanywa katika ukumbi wa al-Khuld. Muhyi Abdul-Hussein, aliyekuwa katibu wa Baraza la Mapinduzi, naye amekwisha kamatwa, alisimamishwa akaungama kuwa kuna njama pamoja na Syria. Kisha yakasomwa majina, na kila aliyetajwa akatolewa nje. Wakatoka kiasi cha watu 68. Waliosalia walipaza sauti kumsifu rais. Katika waliotolewa, 22 walihukumiwa kuuawa, akiwamo Adnan Hussein al-Hamdani, rafiki wa Saddam mwenyewe. Na wanachama wenzao wakapewa bunduki wawapige.

Hapa pana mafunzo matatu.

La kwanza: iqrari ya aliyetishwa haina nguvu. Na hata lau Muhyi alikiri kwa hiari yake, iqrari ni hoja juu ya mwenye kukiri peke yake, haimfungi mwingine. Hao wengine ilipasa waletewe bayyina, nao wapewe nafasi ya kujibu. Hapana aliyeuliza.

La pili: mwenye kulazimishwa husamehewa neno la ulimi wake, lakini maulamaa hawakumruhusu kumuua asiye na hatia ili aokoke yeye, kwani nafsi yake si bora kuliko ya mwenziwe. Ndiyo maana wakapewa bunduki: asipatikane wa kusema kesho kuwa mkono wake ni safi.

La tatu: mwenye kukubali kuwa tuhuma yatosha kwa adui yake, amekubali kuwa yatosha kwake pia. Waliokufa mwaka 1979 walikuwa wakubwa wa chama kilichoizoeza nchi hukumu hiyo. Saddam naye alipinduliwa mwaka 2003, akanyongwa tarehe 30 Disemba 2006.

Tusidhani kuwa haya ni ya wafalme na marais tu. Katika kamati za misikiti na madrasa zetu, mara ngapi mtu hutolewa kwa neno la "khiyana" lililonong'onwa usiku, na asubuhi sote tukanyamaza? Surat al-Hujurat yatuamuru kuihakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Basi atajwapo ndugu yetu kwa ubaya, na asimame mmoja wetu aulize mambo mawili: bayyina iko wapi, na mwenyewe amesikizwa? Swali hilo huulizwa mapema, ukumbi ungali na watu wa kulijibu.

Wabillahi tawfiq.